Lori Lisilo na Kadi

Mliniacha mbele ya meza ya sajini, kituo cha polisi Masasi, nimeuma pindo la kanga kama mtoto aliyepotea sokoni. Sajini alikuwa amefungua mdomo kutamka jina la mwenye lori, na mimi nilikuwa nangoja kusikia jina la mume wangu.

Kwa wanaonikuta leo njiani, nitasema kwa ufupi. Mimi ni Isabela, Mama Arthur, wa Mkunya, Newala. Mume wangu Basil alileta nyumbani lori kuukuu, akabeba nalo maji na korosho kwa msimu mmoja, kisha likafa. Yeye akaenda manamba Tanga kukata mkonge, akaniachia lile pande la chuma uani. Majani yakaota ndani yake, na swila akahamia. Siku moja mama yangu aliinama kuokota kuni karibu na tairi, yule nyoka akamtemea mate machoni. Macho yote mawili yakaingia ukungu, akawa anayafunga kitambaa.

Jumbe akanipa amri: lori litoke kabla mvua hazijaanza, au nikajieleze barazani. Tulijaribu kulisukuma porini, wenye pori wakatoka na mapanga. Nikataka likatwe vipande, karani wa boma akasema anayekata gari la jina la mtu mwingine anafungwa. Nikampata Swalehe, mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Alikuwa tayari kuja na misumeno yake na kulibeba lote. Ila alitaka kadi ya gari. Na kadi sikuwa nayo, wala sijapata kuiona.

Basi hapo ndipo tulipokuwa.

"Cecil," akasema sajini. "Wa Mkomaindo."

"Basil," nikamsahihisha. "Labda wino umefifia, afande."

"Mama, B naijua na C naijua. Hili ni lori la Cecil, fundi seremala, Mkomaindo. Huyo Basil wako humu daftarini hayumo."

Nikamwomba aangalie tena. Akaangalia tena, kwa upole ambao uliniudhi kuliko ukali. Hayumo.

Nje, Swalehe alikuwa ameegemea lori lake akila korosho za kuchoma. Nikamweleza. Akakung'uta mikono.

"Dada, mimi nilikwisha lala mahabusu kwa ajili ya pampu ambayo mwuzaji aliapa ni ya babu yake. Chuma bila kadi sikigusi. Kesho asubuhi napanda Newala kuchukua mizigo mingine. Mvua ikinyesha, ule mlima sipandi tena mpaka kiangazi kijacho. Mpate huyo Cecil leo."

"Nisipompata?"

"Basi mzoee nyoka."

Nilikwenda Mkomaindo kwa miguu, jua likinichoma utosi, nikimtukana Basil kwa Kimakonde ili wapita njia wasielewe. Wengine walielewa. Mzee mmoja alinipa pole.

Nyumba ya Cecil haikuwa mbali na hospitali. Nilimkuta barazani anapiga randa ubao mrefu, mabaki ya mbao yamemjaa miguuni. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Hodi. Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akaweka randa chini, akavua kofia. "Pole sana. Kazi ya Mungu haina makosa. Marehemu alikuwa mrefu kiasi gani?"

"Marehemu gani?"

"Hukuja kwa ajili ya jeneza?"

"Hapana, baba. Nimekuja kwa ajili ya lori."

Yule mzee alinitazama kama mtu aliyeitwa na sauti kutoka kaburini. Kisha akapiga kelele ambazo nadhani wagonjwa walizisikia wodini.

"Julia! Julia, njoo! Lori limeonekana!"

Mkewe akatoka na ungo mkononi. Hakupiga kelele. Alinitazama kuanzia kanga hadi vumbi la miguuni, akasema, "Wewe ni mke wa Basil."

Haikuwa swali. Nikasema ndiyo.

"Yuko wapi?"

"Tanga, mama. Kwenye mkonge."

"Yu hai?"

"Nadhani."

"Afadhali," akasema Julia. "Ningesikitika kama angekufa kabla sijamwona."

Wakanipa kigoda na maji. Nikajua tu kwamba maji yale hayatanishuka vizuri, na hayakunishuka.

Cecil alisimulia bila kunilaumu. Alikuwa dereva katika mashamba ya karanga kule Nachingwea. Kazi zilipokwisha na magari yakapigwa mnada, akanunua lori moja. Aliliendesha mpaka mgongo ukakataa. Akarudi kwenye useremala, ufundi aliofundishwa na baba yake. Lori likabaki, likiwa zima, linakwenda. Ndipo akatokea kijana wa Newala, mcheshi, mwenye maneno mazuri, anataka kubeba maji kuwapelekea watu wa juu ambao wake zao wanashuka bondeni na mitungi tangu alfajiri.

"Nikampenda," akasema Cecil. "Nikamwuliza, utanipa nini? Akasema, baba, mimi nina mikorosho."

Nikaweka kikombe chini.

"Mikorosho ipi, baba?"

"Ya Mkunya. Alinipeleka mwenyewe. Ukitoka kanisani unateremka, iko mkono wa kulia. Kuna mmoja umeinama mpaka chini kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Basil akanionyesha kwa kidole, akasema, 'Kuanzia huo ulioinama hadi kule kwenye njia, yote yangu.'"

Nilitaka kucheka, na nilitaka kulia.

Mti ulioinama ninaujua. Nimezaliwa karibu yake. Ule mti, na yote iliyo nyuma yake hadi njiani, ni mikorosho ya mama yangu. Alikabidhiwa na mjomba Bonifasi mbele ya ukoo. Chumvi yetu inatoka pale, na sabuni, na nguo za Krismasi. Basil aliponioa alikuja kwetu na sanduku la bati na kinanda cha mdomo.

"Tulikubaliana hivi," Cecil akaendelea. "Achukue lori. Atakaponikabidhi mikorosho mbele ya wazee na jumbe, mimi nitamkabidhi kadi. Nikangoja. Mara mzee fulani mgonjwa, mara jumbe kasafiri, mara msimu wa mavuno, tusubiri. Kisha nikasikia kaenda manamba."

"Na mimi nilisema," Julia akadakia. "Nilisema, Cecil, mwanamume wa huku ana mikorosho ya nani? Wewe mwenyewe umekaa kwenye ardhi ya nani? Nyumba hii iko kwenye ardhi ya ukoo wangu. Basi huyo kijana wa Newala yeye amekuwa nani hata awe na ardhi yake?"

"Julia."

"Nasema tu."

Cecil akainuka, akaingia ndani. Akarudi na kitambaa cheupe alichokikunjua taratibu juu ya ubao wa jeneza. Ndani mlikuwa na Kitabu cha Sala, cheti cha ndoa, na kadi ya gari.

Kumbe ni kijikaratasi tu! Kilikuwa kidogo, kimekunjika pembe, kinatosha kwenye kiganja. Kwa ajili ya kitu kile nilikuwa nimezungushwa kama jiwe la kusagia. Nakiri hapa, mbele yenu nyote, kwamba nilipima umbali wa mkono wangu na kile kikaratasi, na umbali wa miguu yangu na barabara. Miguu ya Julia ndiyo iliyonizuia. Alionekana mtu wa mbio.

"Nipe mikorosho yangu," akasema Cecil, "uchukue kadi yako. Mimi sina neno zaidi."

"Baba, ile mikorosho si ya Basil."

Akanitazama juu ya miwani.

"Ni ya mama yangu mzazi. Yu hai. Ni huyo aliyetemewa mate na nyoka wa lori lako."

"Mungu wangu," akasema, na akavua miwani. "Nyoka tena?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza na kutikisa kichwa. Alikuwa mtu mwema, na hilo lilinikera, maana mtu mwema huwezi kumgombeza. Nikamwomba: basi, baba, lori ni lako, jina ni lako, nenda na Swalehe kesho ukaliuze mwenyewe, chuma chote kiwe chako, mimi sitaki hata msumari.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilitoa lori linalokwenda. Wewe unanirudishia kaburi la nyoka. Sina mtoto. Mgongo huu hautapiga randa miaka mingi. Julia akitangulia, ndugu zake wataniambia fundi, funga virago. Nilitaka kitu ambacho kikimwaga matunda kinaniita mimi. Kila msimu nikisikia harufu ya mabibo, nasema, hayo ya kwangu yanaoza Newala."

Hapo hata Julia alitazama chini.

"Twende kwa sajini," akamaliza. "Yeye ni mtu wa serikali, akate shauri."

Tukarudi kule nilikotoka, jua lile lile. Cecil alitangulia na kitambaa chake kifuani kama anabeba sakramenti. Julia alitembea nami nyuma. Tulipokaribia kituo akanishika kiwiko.

"Mama Arthur, nitakuambia neno, na mume wangu akilisikia ataninunia mpaka Pasaka. Ile mikorosho ameiota. Usiku anaongea nayo. Lakini mikorosho ya mama haitolewi na mkwe. Ukiitoa wewe leo kwa kinywa chako, mama yako atakula nini? Sema kweli."

"Kweli itamfunga mume wangu."

"Mume wako alijifunga mwenyewe. Wewe umeikuta kamba tu."

Sajini alitusikiliza sote, akamnyamazisha Cecil aliporudia habari za mgongo wake, kisha akanigeukia.

"Mama, hili ni jambo rahisi."

Mtu wa serikali akikuambia jambo ni rahisi, shika roho yako.

"Ile mikorosho ama ilikuwa ya mumeo, ama haikuwa yake. Kama ilikuwa yake, mapatano yao ni halali. Mzee huyu anatia sahihi kadi hapa hapa, lori linakuwa lenu, mnaliuza kesho, naye anakwenda kuchukua mikorosho yake. Mimi nafunga faili, kila mtu anakwenda kula. Kama haikuwa yake, basi mumeo alimlaghai mzee wa watu. Lori linabaki la mzee, na mumeo anatafutwa. Sema."

Watu watatu wakanitazama. Ukutani kulikuwa na picha ya Malkia, naye pia alikuwa akinitazama.

Nilimwona mama, kitambaa machoni, akipapasa ukuta kutafuta mlango. Nilisema moyoni: sema ndiyo, Isabela, kesho lile pande la chuma linatoka, nyoka anatoka, jumbe ananyamaza. Kisha nikaona msimu unaokuja, mama anakwenda na kikapu chake kwenye mti ulioinama, anamkuta mgeni kutoka Masasi amekaa chini yake. Tungemwambia nini? Kwamba tuliuza macho yake na tumbo lake pamoja?

Na Basil? Nilimtafuta Basil moyoni mwangu nimwonee huruma. Nikakuta kinanda cha mdomo na ahadi.

"Mikorosho ni ya mama yangu," nikasema. "Basil hana hata jani."

"Una hakika?"

"Kama ninavyojua jina langu."

"Kwa hiyo mumeo ni laghai."

"Ndiyo, afande."

Niliitika upesi, kama mtoto anayeitwa jina darasani. Mpaka leo sijui ile "ndiyo" ilitoka wapi na haraka ile. Sajini akaandika, akanisomea, nikatia kidole gumba kwenye wino na kukibandika. Cecil akakaa kwenye benchi. Alikuwa amezeeka tangu tuingie.

"Basi nimebaki na chuma," akasema.

"Na kadi yake, baba," nikamwambia. Nilidhani ni maneno ya kufariji. Julia alinikanyaga mguu.

Lakini ngojeni niwaambie jinsi nilivyojisikia nilipotoka pale. Nilijisikia mwepesi! Lori lilikuwa na mwenyewe, mwenyewe alikuwa na kadi, mnunuzi alikuwa na misumeno. Basil alikuwa Tanga, na Tanga si karibu. Mtu anatafutwa, sawa, anatafutwa. Wangapi wanatafutwa na wanakula na kulala? Nikalala kwa Julia kama mtu aliyelipiwa nauli ya mbinguni.

Asubuhi tukaondoka na lori la Swalehe. Cecil alikaa mbele na kitambaa chake. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia, na askari mmoja, Silvano, aliyetumwa kuandika maneno ya jumbe na kushuhudia lori likitolewa. Julia alibaki. Alituaga kwa kumfunga Cecil vifungo vya koti na kumwambia asilie mbele ya watu wa Newala.

Mawingu yalikuwa yamekaa vibaya. Tulipoanza kupanda mlima, tukawapita wanawake wanaopandisha maji, mitungi kichwani, wamejikunja kwa ule mwinuko. Mmoja alinitambua.

"Mama Arthur! Upesi, nenda nyumbani! Kuna mambo!"

"Mambo gani?"

Lori lilikuwa limeshampita. Alichosema kililiwa na injini.

"Mambo gani hayo?" Silvano akaniuliza.

"Labda mama amepona," nikasema. Ndivyo nilivyokuwa mwepesi asubuhi ile.

Tulipokata kona ya kanisa la Mkunya, nikasikia harufu. Haikuwa ya mabibo wala ya muhogo unaoloweka. Ilikuwa ya mpira unaoungua.

Swalehe akapunguza mwendo. Juu ya paa la nyumba yetu moshi mweusi ulisimama wima, mnene. Watu walikuwa wamejaa uani kama siku ya unyago, watoto wanaruka, wazee wameshika viuno. Niliruka kabla lori halijasimama, nikachubuka goti.

Lile lori lilikuwa limeungua. Lote. Tairi zimekuwa maji meusi, viti vimebaki springi, bodi ya mbao imekwenda, na lile bati lililobaki limejikunja. Chini bado palikuwa na makaa.

Cecil alishuka taratibu, akalizunguka. Alipofika mbele akagusa pale palipokuwa na taa, akaunguza kidole, akakitia mdomoni.

Swalehe hakulizunguka. Alilitazama mara moja tu.

"Chuma kilichopita motoni hivi sikitaki," akasema. "Kwaheri, dada." Akaenda zake kutafuta mizigo mingine, na tumaini langu likaondoka naye, linapiga honi kuwafukuza kuku.

Silvano akapanda juu ya jiwe.

"Sikilizeni! Hili ni gari la mzee huyu, na ni ushahidi wa kesi iliyo polisi. Nani amelichoma?"

Mtu alikohoa, akajutia kukohoa.

"Isabela?" Mama aliita kutoka mlangoni. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitambaa machoni, uso wote unang'aa kwa furaha. "Isabela, umerudi? Mwanangu, nyoka amekufa! Ametoka kwenye moto, wamempiga, amekufa!"

"Nani amewasha moto, mama?"

"Mwulize mwenyewe. Yuko nyuma, anazika kichwa."

Na nyuma ya jiko akatokea mtu. Amekonda, amevaa suruali ya khaki, uso una masizi hadi masikioni, na kwenye ncha ya fimbo ananing'iniza swila asiye na kichwa. Anacheka meno yote nje.

Alikuwa Basil.

"Mama Arthur!" akasema. "Jana wewe unashuka kwenda Masasi, mimi nafika kwa njia ya Mtwara! Mkataba wangu umekwisha. Nasikia mkwe wangu ametemewa mate, nasikia jumbe anakusumbua, nasikia unahangaika na makadi. Nikasema, kadi ya nini? Nimekuondolea balaa lote kwa debe moja la mafuta ya taa. Nani alisema sina akili?"

Nilitaka kumwambia kimbia. Silvano alikuwa amesimama pale pale.

Ndipo Basil akamwona Cecil. Nilingoja achomoke, aruke ua, ajitupe bondeni. Yule mtu akaangusha nyoka, akajifuta mikono kwenye suruali, akaenda akainama kwa heshima zote.

"Shikamoo, baba Cecil. Najua nimekuchelewesha. Umefuata mikorosho yako?"

Cecil hakuitikia hata salamu. "Mikorosho si yako," akasema. "Mke wako amesema polisi. Huna hata jani."

"Jana sikuwa nayo," akasema Basil. "Leo ninayo."

"Maneno gani hayo?" Silvano akashuka kwenye jiwe.

"Nimempa," akasema mama.

Sote tukageuka. Alikuwa amenyoosha shingo kufuata sauti zetu, anatabasamu upande ambao hatukuwapo.

"Nimempa mimi, leo asubuhi, mbele ya kaka yangu Bonifasi. Kuanzia mti ulioinama hadi njiani. Isabela, usinune, nasikia unanuna. Miezi yote hii nimekaa na yule nyoka nje ya mlango wangu, mnakwenda boma, mnarudi boma. Kaja mtoto wa watu, usiku hajalala, asubuhi kamwua. Nikamwuliza, mwanangu, nikupe nini? Akasema, mama, nipe kitu kimoja tu nilipie deni la uungwana. Ningemnyima?"

Mjomba Bonifasi alikuwa pale, amesimama penye kivuli cha jiko. Nikamtazama. Akatazama kofia yake.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwapo."

Basi hapo mngemwona Cecil! Mgongo ule uliokataa lori ulinyooka kama ubao wake. Akafungua kitambaa, akamwekea Basil kadi ya gari kwenye kiganja kilichojaa masizi, mbele ya majivu ya gari lenyewe. Wakapeana mikono. Wakakumbatiana! Watu wakapiga vigelegele. Mama naye akapiga, bila kujua anashangilia nini.

Mimi nilisimama katikati, na mikorosho ya mama yangu inaondoka huku imeshangiliwa. Lile pande la chuma lilibaki pale pale lilipokuwa, jeusi, sasa ni letu kwa kadi halali, na hakuna mtu chini ya jua anayelitaka.

"Afande," nikamwambia Silvano, "umeyaona haya?"

"Nimeyaona, mama."

Alikuwa amekunja uso, anafikiri. Akafungua mkoba wake wa ngozi, akatoa pingu. Basil akaacha kucheka. Akarudi nyuma hatua moja, akajigonga kwenye bati la moto.

Silvano akampita Basil. Akampita Cecil. Akaja akasimama mbele yangu.

"Mzee amepata mali yake na hana malalamiko," akasema. "Mumeo ana kadi, na mtu akichoma gari lake mwenyewe hakosei kitu. Aliyebaki ni mmoja. Jana, kituoni, kwa kidole chako, ulimwandikisha mtu kuwa laghai kwa mikorosho ambayo ukoo wako mwenyewe unasema ni yake."

"Jana haikuwa yake!"

"Hayo utamwambia sajini."

Basil alinitazama, masizi usoni, mdomo wazi. "Mama Arthur," akasema taratibu, "uliniandikisha nini?"

Tone la kwanza la mvua likadondoka kwenye lile bati la moto, likafanya chwii.

"Nyoosha mikono, mama," akasema Silvano.